Megabaiti ni karo pia

Leo nataka tuzungumzie karo. Si ile inayolipwa benki au kwa M-PESA ukapewa risiti, bali ile nyingine isiyoandikwa kwenye barua ya kujiunga na chuo, nayo ni bando. Mwanafunzi wa kozi ya mtandaoni huilipa kila anapobofya kiungo cha somo, na kiasi chake hakiamuliwi na seneti ya chuo wala na wizara. Huamuliwa na mtu mmoja aliyeketi mbele ya kompyuta, akaulizwa na programu anataka kuhifadhi faili ya sauti kwa ubora gani, naye akachagua ule wa juu kabisa kwa sababu tu ulikuwa wa juu kabisa.

Mtu huyo mara nyingi ni mhadhiri. Wakati mwingine ni mimi na wewe tunaounda hizi tovuti za kufundishia, maana sisi ndio tunaoweka kikomo cha faili kuwa MB 500 kisha tunaendelea na kazi nyingine.

Msimamo wangu ni huu. Somo la sauti la mtu mmoja akizungumza halihitaji zaidi ya kilobiti 64 kwa sekunde katika MP3 ya mono. Ukitumia Opus, 24 zinatosha. Anayepakia zaidi ya hapo bila sababu anamtoza mwanafunzi pesa bila kumpa chochote. Na kuna jambo la pili ambalo kwangu ni zito kuliko hilo la kwanza. Ule ubora ambao watu wanautafuta kwenye ukubwa wa faili haupo huko. Uko kwenye chumba ulichorekodia na kwenye umbali kati ya mdomo wako na maikrofoni.

Hesabu kwanza

Kwa wale ambao hawajawahi kuchungulia ndani ya faili ya sauti, mambo ni rahisi kuliko mnavyodhani. Sauti ikiingia kwenye kompyuta hupimwa mara nyingi kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba. Kipimo kimoja huitwa sampuli. CD ya muziki ina sampuli 44,100 kwa kila sekunde, kila sampuli ina biti 16, na kuna njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Zidisha 44,100 kwa 16 kisha kwa 2 na utapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti ambayo haijabanwa, na ndiyo kawaida unayoipata kwenye faili ya WAV. Saa moja yake ni takriban MB 635.

Kodeki kama MP3 hutupa zile sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu halizitambui, kisha hubana kinachobaki. Kinachobaki hutajwa kwa kiwango cha biti, yaani kilobiti ngapi zinatumika kuhifadhi kila sekunde. Ukishajua kiwango hicho huhitaji kukisia ukubwa wa faili. Zidisha kilobiti kwa idadi ya sekunde, gawanya kwa 8, jibu ni kilobaiti. Haijalishi ndani yake kuna hotuba ya rais au mtu anakohoa.

Sasa chukua kozi ya kawaida ya wiki 10, saa 2 za masomo kila wiki, jumla saa 20:

- WAV ya stirio: MB 635 kwa saa, GB 12.7 kwa kozi nzima
- MP3 ya kilobiti 320: MB 144 kwa saa, GB 2.88 kwa kozi nzima
- MP3 ya kilobiti 128: MB 57.6 kwa saa, GB 1.15 kwa kozi nzima
- MP3 ya mono, kilobiti 64: MB 28.8 kwa saa, MB 576 kwa kozi nzima
- Opus ya mono, kilobiti 24: MB 10.8 kwa saa, MB 216 kwa kozi nzima

Soma tena mstari wa pili na wa nne. Mhadhiri ni yule yule, maneno ni yale yale, mtihani ni ule ule. Lakini mwanafunzi wa kwanza amenunua bando mara 5 ya mwenzake. Na hiyo ni kozi moja. Muhula wenye kozi 6 za namna hiyo unampeleka wa kwanza hadi zaidi ya GB 17, huku wa pili akibaki chini ya GB 3.5. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba kinajaa, ila si cha mwanafunzi.

Wasimamizi wa chuo pia wasijione wako salama. Darasa la wanafunzi 200 wakipakua kozi hiyo kwa kilobiti 320, seva itakuwa imetoa GB 576. Kwa kilobiti 64 za mono itatoa kama GB 115. Yeyote aliyewahi kulipia seva iliyo ng'ambo anajua bili ya aina hiyo inavyofika.

Sikio la msikilizaji linahitaji nini?

Swali la haki ni hili: tukipunguza, tunapoteza nini? Kulijibu, tuangalie sauti ya mtu anayezungumza. Koo la mwanamume hutetemeka kiasi cha mara 100 hivi kwa sekunde, la mwanamke kiasi cha mara 200, na juu ya mtetemo huo wa msingi kuna mingine mingi inayotufanya tutambue irabu. Konsonanti kama s, sh na f ndizo zinazopanda juu zaidi, hadi kufikia mitetemo 8,000 kwa sekunde na kupita kidogo. Simu za zamani zilikata kila kitu kilichozidi mitetemo 3,400 hivi. Ndiyo maana mtu akikutajia jina kwenye simu unalazimika kumuuliza kama ni s ya samaki au f ya fimbo.

Ili kunasa mtetemo wowote unahitaji angalau sampuli mara mbili yake. Kwa hivyo mitetemo 8,000 inahitaji sampuli 16,000 kwa sekunde, na ukitaka nafasi ya ziada, 24,000 zinakufikisha kwenye mitetemo 12,000. Zile 44,100 za CD zinafika mitetemo 22,050, ambayo ni zaidi ya uwezo wa masikio ya watu wengi. Huko juu kuna matoazi ya ngoma na vyombo vya muziki. Sauti ya mhadhiri wa Uhasibu haina karibu chochote huko.

Kuhusu stirio, mtu mmoja ana mdomo mmoja. Ukimrekodi kwa maikrofoni moja unapata njia moja ya sauti. Ukihifadhi kwa stirio unaandika jambo lile lile mara mbili, kushoto na kulia. Kweli kodeki nzuri zinaweza kugundua kwamba pande mbili zinafanana zikaokoa kidogo, lakini ukiwa umechagua kilobiti 128 zisizobadilika utalipa 128 hata hivyo. Kwa maneno mengine, MP3 ya mono ya kilobiti 64 inampa mzungumzaji takriban kile kile ambacho stirio ya 128 ingempa, kwa nusu ya bei.

Kuna jambo moja la historia ambalo hunifurahisha. Mfumo wa simu za kidijitali uliowekewa kiwango mwaka 1972 hutumia sampuli 8,000 za biti 8 kila moja, yaani kilobiti 64 kwa sekunde. Idadi hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa MP3 ya somo, ila MP3 inaifanyia kazi kubwa zaidi na sauti yake haina uhusiano wowote na ile ya simu ya mezani. Simu za GSM zilipoanza zilikuwa na kilobiti 13 tu kwa sauti ya mtu, na kwa kilobiti hizo watu wamejadili mahari, wamefanya biashara na wamefiwa. Sisemi tufundishe kwa ubora wa simu. Nasema maneno ya binadamu hayahitaji barabara pana kama wengi wanavyofikiri.

Kwa nini MP3 na kwa nini Opus? MP3 ni ya zamani, ilitengenezwa na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani na wenzao, na kwa miaka mingi waliotengeneza programu za kuibana walidaiwa leseni. Mpango huo wa leseni ulifungwa mwaka 2017. Leo hakuna anayedaiwa, na kifaa chochote chenye spika kinaicheza, hata ile kabambe yenye kadi ya memori. Opus ni ya mwaka 2012, ni ya bure tangu siku ya kwanza, na ilibuniwa ikiwafikiria watu wanaozungumza kupitia intaneti. Ukitaka kujua inavyosikika, fungua ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Hiyo ni Opus. Udhaifu wake ni kwamba si kila kifaa kinaijua. Kuna kabambe ambazo hazitaifungua kamwe, na hata simu za iPhone zilichukua miaka kabla ya kuzikubali faili za Ogg zenye Opus ndani. Kwa sababu hiyo siipendekezi iwe peke yake.

Mahali ambapo nabadilisha kauli

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba dogo ni bora kila mara. Hapana. Ukibana MP3 hadi kilobiti 24, mzungumzaji husikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa la maji. Maneno utayasikia, lakini baada ya dakika 20 kichwa kinauma, kwa sababu ubongo unafanya kazi ambayo kodeki imekataa kufanya. Somo lisilosikilizika ni ghali hata likiwa na MB 2.

Kozi ya muziki inahitaji stirio na kiwango cha juu, maana hapo sauti yenyewe ndiyo somo. Kozi ya lugha inahitaji zile s, sh, th na dh zisikike wazi, kwa hivyo usikubali kitu chenye sampuli chini ya 16,000. Wanafunzi wa uuguzi wanaosikiliza mapigo ya moyo na sauti za mapafu wanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu sauti hizo ziko chini sana na mipangilio iliyotengenezewa mazungumzo huweza kuzikata kama kelele. Swali la kwanza siku zote ni: mwanafunzi anasikiliza maneno, au anasikiliza sauti yenyewe? Kwa kozi nyingi tunazouziwa mtandaoni jibu ni maneno.

Ubora uko chumbani

Hapa ndipo nataka mhadhiri anisikilize vizuri. Kelele ni ghali. Kodeki hubana vizuri kile inachoweza kukitabiri, na sauti ya binadamu hutabirika kiasi. Feni, mvua juu ya mabati, matatu zinazopiga honi nje, hivyo havitabiriki. Kodeki haijui kwamba wewe unataka kufundisha Takwimu na feni haihusiki. Inaigawia feni sehemu ya zile kilobiti chache, na sauti yako inabaki na makombo. Ndiyo maana rekodi chafu husikika vibaya sana ikibanwa, na mwenyewe hukimbilia kuongeza kiwango hadi 320. Anachofanya hapo ni kuihifadhi feni kwa ubora wa hali ya juu.

Rekodi safi inavumilia kubanwa. Kwa hivyo pesa na muda uende huku:

1. Maikrofoni iwe kiasi cha shibiri moja kutoka mdomoni. Simu ya kawaida iliyowekwa karibu inashinda maikrofoni ya bei ghali iliyowekwa upande wa pili wa meza. Isimame kando kidogo ya mdomo ili pumzi za p na b zisiipige moja kwa moja.

2. Kataa mwangwi. Darasa tupu lenye kuta za saruji ndicho chumba kibaya kuliko vyote. Chumba cha kulala chenye godoro, mapazia na kabati la nguo lililo wazi ni studio nzuri kuliko ofisi nyingi. Blanketi likitundikwa nyuma ya unayezungumza linasaidia kuliko programu yoyote ya kusafisha sauti.

3. Zima feni, funga dirisha, chagua saa. Jogoo wa jirani ana ratiba yake, ijue.

4. Rekodi dakika moja, isikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, kisha ndipo uanze. Hakikisha kilele cha sauti hakigongi mwisho wa kipimo. Acha nafasi ya desibeli 6 hivi.

5. Masomo yote yawe na nguvu moja ya sauti. Si vizuri somo la kwanza linong'one na la pili lipige kelele. Kwa podikasti watu wengi hulenga LUFS -16 kwa stirio na -19 kwa mono, na Audacity, ambayo ni ya bure, itakufanyia hilo kwa kubofya mara chache. Kumbuka kuna wanaosikilizia ndani ya matatu. Sauti hafifu hawataipata hata ikiwa na kilobiti elfu moja.

Hakuna hata moja kati ya hayo matano linaloongeza megabaiti. Gharama yake inamwangukia anayefundisha, mara moja. Gharama ya faili kubwa inamwangukia anayefunzwa, kila mmoja wao, kila wiki. Ukiniuliza nani abebe mzigo, jibu langu unalijua.

Hoja za wanaonipinga

"Siku hizi data ni rahisi." Ni kweli kwamba tumetoka mbali. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa na hali ikabadilika. Lakini waya ulioko Mombasa si bando lililoko kwenye simu ya mwanafunzi aliye nje ya Lodwar. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mhadhiri anayepakia masomo kwa waifai ya chuo hajawahi kulalia kitanda hiki. Shule zilipofungwa Machi 2020, KICD ilipeleka masomo kupitia redio na televisheni pamoja na intaneti. Redio haikutumiwa kwa sababu ya kupenda mambo ya kale. Redio haimalizi bando. Mimi nilikuwa mwanafunzi wakati huo, na kwenye kundi letu la WhatsApp kulikuwa na kazi isiyo rasmi. Mmoja alipakua mhadhara, akaubana, akawarushia wengine. Mwanafunzi alifanya bure kazi ambayo chuo kilipaswa kuifanya kabla ya kupakia.

"Faili ndogo inatufanya tuonekane si wa kitaalamu." Anayesema hivi anafikiria mnunuzi, si mwanafunzi. Mwanafunzi haoni kilobiti. Anaona duara likizunguka huku mhadhara umekwama kwenye neno "kwa hivyo". Utaalamu kwake ni somo kuanza linapobofywa.

"Tunataka kuhifadhi ubora kwa siku zijazo." Sawa kabisa. Hifadhi WAV yako kwenye diski mbili tofauti na usiifute kamwe. Ile ndiyo ghala. Lakini ghala si duka, huwezi kumwambia mteja wa kilo moja ya unga aondoke na gunia. Tena kuwa na WAV kunakuokoa na kosa la kubana kilichokwisha kubanwa. MP3 iliyotengenezwa kutoka kwa MP3 nyingine ni kama ile fotokopi ya fotokopi ya karatasi za mitihani ya zamani, kila nakala inafifia zaidi. Kila toleo litoke kwenye ile asili.

"Siku hizi watu wanataka video." Wengine wanataka, na kuna masomo yasiyofundishika bila picha. Lakini tumia ile ile fomula. Video ya kilobiti 1,000 kwa sekunde, ambayo wala si ya kifahari, ni MB 450 kwa saa. Mhadhara wenye slaidi 15 na uso wa mtu kwenye kona unaweza kuwa PDF ya MB 2 na sauti ya MB 28.8. Weka video kwa anayeitaka, lakini usimlazimishe mwenye simu ya GB 16 kupakua uso wa mhadhiri ili asikie maneno yake.

"Basi tuwape wachague." Hapo tunakubaliana, ila kwa sharti moja. Watu wengi hawabadilishi kilichochaguliwa tayari. Kama chaguo la kwanza ni kubwa na dogo limefichwa ndani ya menyu ya tatu, hujampa mtu uchaguzi. Dogo litangulie.

Ninavyofanya mimi kazini

Kwa waunda programu wenzangu, huu ndio utaratibu wangu kwa kila tovuti ya kozi ninayoijenga. Mhadhiri anapakia WAV au chochote alicho nacho, na seva ndiyo inayotengeneza matoleo mawili. Simwombi ajue kilobiti ni nini, kama vile daktari haniombi nijue jina la Kilatini la mfupa. Kwa ffmpeg ni mistari miwili:

ffmpeg -i somo.wav -ac 1 -ar 44100 -b:a 64k somo.mp3

ffmpeg -i somo.wav -ac 1 -c:a libopus -b:a 24k somo.opus

Hiyo "-ac 1" ndiyo inayogeuza stirio kuwa mono. Mstari wa kwanza unatoa faili ya kila mtu, wa pili unatoa faili ya anayehesabu senti.

Mambo mengine ni haya. Nakata somo la saa moja kuwa vipande vya dakika 10 hivi. Kila kipande ni MB 4.8 kwa MP3 au MB 1.8 kwa Opus, kwa hivyo mtandao ukikatika mwanafunzi hupoteza kipande kidogo, si saa nzima. Tena kurudia kipengele kimoja kabla ya mtihani hakumlazimu kuvuta mhadhara wote.

Naandika ukubwa wa faili na muda wake kando ya kila kiungo: "Somo la 3, sehemu ya 2, dakika 10, MB 4.8". Hili halina gharama yoyote na ndilo ninalosisitiza kuliko yote. Hakuna anayeingia dukani akachukua bidhaa isiyo na bei, na sioni kwa nini mwanafunzi alazimishwe kufanya hivyo.

Kwenye ukurasa wenye vicheza sauti kumi, kila kimoja kina preload="none". Bila hivyo kivinjari kinaweza kuanza kuvuta faili ambazo mtu hajazigusa. Na sauti isianze yenyewe ukurasa unapofunguka.

Mwisho, kila faili inaweza kupakuliwa, si kusikilizwa mtandaoni tu. Anayesikiliza mtandaoni hulipa tena kila anaporudia. Aliyepakua hulipa mara moja, na anaweza kumrushia mwenzake kwa Bluetooth bila mtu yeyote kulipa kitu. Kuna wateja wanaoogopa jambo hilo, wanasema kozi itaibiwa. Huwa nawajibu kwamba karo halisi imelipiwa mwalimu, masahihisho na cheti. Faili ya sauti ni daftari la mwanafunzi, na daftari hupelekwa nyumbani.

Kazi kwenu

Kama unafundisha mtandaoni, fungua somo lako la mwisho sasa hivi. Tazama ukubwa wake, gawanya kwa dakika zake. MP3 ya mono ya kilobiti 64 ni kama nusu MB kwa dakika (0.48 kwa usahihi). Ukipata MB 1 kwa dakika, unatoza mara mbili. Ukipata MB 2.4, umehifadhi kwa 320 na unatoza mara tano. Ukipata zaidi ya 10, umepakia WAV, na kuna mwanafunzi mahali fulani ambaye amekwisha kuiacha kozi yako bila kukwambia sababu.

Kisha chukua somo hilo, libane kwa mstari ule wa kwanza, na mpe mtu asikilize yote mawili bila kumwambia lipi ni lipi. Tumia simu ya kawaida na vile vipokea sauti vya mkokoteni. Akikutajia tofauti mara kumi mfululizo bila kukosea, niandikie, nitakubali kubishana nawe. Akishindwa, badilisha masomo yote kabla ya muhula mpya kuanza. Kazi yenyewe ni ya jioni moja, na kompyuta ndiyo itakayoifanya sehemu kubwa.

Nangoja majibu yenu, hasa ya walimu. Mpaka wakati mwingine.